Faida ya Kusahau: Sisimizi, Kompyuta na Barabara za Katavi



Naomba tuanze na hesabu. Gari la dawa linatoka Mpanda, mkoani Katavi. Linatakiwa lifike Sitalike, Kibaoni, Usevya, Majimoto, Mamba, Inyonga, Mwese, Mishamo, Ikola na Karema, kisha lirudi. Lianzie wapi, limalizie wapi? Vituo hivyo 10 vinaweza kupangwa kwa namna 1,814,400, hata tukihesabu safari na kinyume chake kuwa kitu kimoja. Hizo kompyuta inazimudu. Vikiwa 20, kompyuta inayokagua mipangilio milioni moja kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 38,000 kuimaliza yote.

Sisimizi hajui hesabu hii, wala hana msimamizi wa kumwelekeza. Yeye huacha harufu anapopita, basi. Mwaka 1989 Jean-Louis Deneubourg na wenzake wa Brussels, Ubelgiji, walichapisha jaribio lililoonyesha jinsi harufu hiyo inavyotosha. Waliunganisha kiota na chakula kwa daraja lenye njia mbili, fupi na ndefu. Mwanzoni sisimizi walijigawa ovyo. Waliopita njia fupi wakawahi kurudi, harufu ikakolea upande huo, wenzao wakaifuata, na punde wengi wao wakawa huko.

Jaribio hilo lina sehemu ya pili, isiyosimuliwa mara nyingi. Watafiti waliwapa sisimizi njia ndefu peke yake, wakasubiri nusu saa, ndipo wakaongeza ile fupi. Kundi likaendelea na njia ndefu. Harufu ilikuwa imeshakolea mno, nayo hupotea polepole.

Mwaka 1992 Marco Dorigo aliwasilisha Milano, Italia, tasnifu ya udaktari iliyogeuza tabia hii kuwa algoriti, yaani hatua za hesabu ambazo kompyuta huzifuata. Sisimizi wake ni wa namba tu. Kila mmoja hutunga safari nzima, akichagua kituo kinachofuata kwa kuangalia mambo mawili: ukaribu wake, na alama zilizoachwa na waliotangulia. Kadiri safari ilivyo fupi, ndivyo inavyoongezewa alama nyingi zaidi. Kisha sehemu ya alama zote hufutwa. Katika makala ya 1996, aliyoandika na Vittorio Maniezzo na Alberto Colorni, kufuta nusu katika kila mzunguko ndiko kulikofanya vizuri. Kwa hiyo Dorigo hakumwiga sisimizi tu. Alimrekebisha kwa kumfundisha kusahau upesi.

Hapo ndipo pana somo letu. Katavi mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Njia ya udongo iliyopitika vizuri Septemba yaweza kuwa tope tupu Februari. Kilomita hazibadiliki, saa za safari ndizo zinazobadilika. Algoriti inayolishwa kilomita peke yake itamtuma dereva akakwame, tena bila kusita. Wala algoriti hii ya sisimizi haiahidi kupata njia iliyo bora kuliko zote. Inachotoa ni njia nzuri ndani ya muda mfupi, na hali ikibadilika inaweza kuitafuta upya, mradi ipewe habari mpya.

Habari hizo hazimo kwenye setilaiti peke yake. Wanazo madereva wa malori na wa bodaboda, wanaojua daraja lipi limezama leo na mchepuko upi unafaa. Nawaomba wataalamu wa Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iliyo hapa mkoani, pamoja na halmashauri zetu, waanzishe daftari la pamoja la saa za safari, linalojazwa na madereva kila wiki. Na kila msimu mpya ukiingia, takwimu za msimu uliopita zipunguziwe uzito. Programu za kutafuta njia zinapatikana bure. Kazi iliyobaki ni kuzipatia taarifa za kweli, na kazi hiyo ni yetu.