Visiwa Vitatu vya Ghuba: Ahadi ni Deni

Tarehe 30 Novemba 1971, katika kisiwa cha Tunb Kubwa ndani ya Ghuba, palikuwa na kituo kidogo cha polisi chenye askari wachache wa Sheikh wa Ras al-Khaimah. Siku hiyo majeshi ya Iran yalitua kisiwani. Mkuu wa kituo, askari aliyeitwa Salem Suhail Khamis, alikataa bendera ya nchi yake isiteremshwe. Aliuawa akiwa katika zamu yake. Kisiwa kikatekwa, na wakazi wake wakavuka bahari kwenda Ras al-Khaimah wakiwa wakimbizi.

Kwa mtu asiyepata kukesha lindoni, hiyo ni habari ndogo ya kisiwa kidogo. Lakini ninyi mlio makambini, vituoni na mipakani mtauliza mara moja: je, ni nani aliyekuwa na wajibu wa kumlinda askari yule na bendera yake? Jibu ni kwamba wajibu huo ulikuwa wa Uingereza. Mikataba iliyowapa Waingereza dhamana ya ulinzi wa pwani ile ilikuwa haijakwisha. Ilikwisha kesho yake, tarehe 1 Desemba.

Ghuba hiyo Waajemi huiita ya Kiajemi, na Waarabu huiita ya Kiarabu. Visiwa vinavyogombewa ni vitatu: Abu Musa, Tunb Kubwa na Tunb Ndogo. Abu Musa, kilicho kikubwa kupita vyote, hakizidi sana kilomita 12 za mraba, na Tunb Ndogo haina wakazi wa kudumu. Thamani yake haimo katika ardhi. Visiwa hivyo vimekaa karibu na Mlango wa Bahari wa Hormuz, kando ya njia za meli za mafuta. Kwa miaka mingi karibu sehemu moja kati ya tano ya mafuta yaliyotumiwa duniani ilipita hapo. Mwenye mizinga juu ya visiwa hivyo huweza kuitazama njia hiyo kama bawabu aketiye mlangoni.

Je, visiwa hivyo ni vya nani? Kila upande una hoja zake, na si haki kuzisikiliza za upande mmoja tu. Waarabu wanasema kwamba ukoo wa Qasimi, unaotawala Sharjah na Ras al-Khaimah, ulivimiliki visiwa hivyo tangu zamani, na kwamba wavuvi na wachungaji wao ndio waliovitumia. Iran inajibu kwamba tawi moja la ukoo huo huo lilitawala Lingeh, katika pwani ya Uajemi, na kuvisimamia visiwa hivyo kutoka huko likiwa chini ya Shah, mpaka Waajemi walipomwondoa mtawala wake wa mwisho mwaka 1887. Zaidi ya hayo, Iran huonyesha ramani ya Wizara ya Vita ya Uingereza ya mwaka 1886, ambayo Shah alikabidhiwa mwaka 1888. Katika ramani hiyo visiwa vimepakwa rangi ya Uajemi.

Hapo ndipo tunapoanza kuiona kazi ya mkoloni. Uingereza iliingia Ghuba kwa nguvu ya manowari. Mwaka 1819 ilishambulia Ras al-Khaimah, na mwaka 1820 ikawatia masheikh katika mkataba. Mwaka 1892 ikawafunga kwa mapatano mengine: kwamba sheikh asiuze, asiweke rehani wala asitoe sehemu yoyote ya nchi yake ila kwa Uingereza, na kwamba asifanye mapatano na dola nyingine yoyote. Kwa hiyo sheikh alinyang'anywa mdomo wa kuzungumza na jirani yake. Aliyezungumza kwa niaba yake alikuwa ofisa wa Kiingereza.

Naye ofisa huyo alizungumza kwa ndimi mbili. Serikali iliyompa Shah ramani ile ndiyo iliyomshauri Sheikh wa Sharjah mwaka 1903 apandishe bendera yake visiwani. Mwaka 1904 maofisa wa forodha wa Uajemi waliiteremsha, wakapandisha ya kwao. Uingereza ikapinga, na bendera ya Uajemi ikaondolewa. Mwaka 1921 Uingereza ikaitambua Ras al-Khaimah kuwa nchi iliyo mbali na Sharjah, na visiwa vya Tunb vikahesabiwa upande wa Ras al-Khaimah. Katika miaka yote hiyo, mwamuzi mwenye nguvu kuliko wote hakulifikisha shauri hilo kwenye hukumu. Aliacha kidonda kikiwa kimefunikwa kitambaa, kwa sababu wakati huo hakikumuuma yeye.

Ndugu wasikilizaji, Januari 1968 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itaondoa majeshi yake katika Ghuba kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Ndipo kitambaa kilipofunuka. Shah wa Iran alikuwa na madai juu ya Bahrain pia. Kuhusu Bahrain ilitumika njia ya busara: mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ulimtuma mjumbe kutafuta maoni ya wananchi wenyewe, wakataka uhuru, na Iran ikayakubali matokeo. Lakini kuhusu visiwa vitatu hakuna aliyetumwa kuwauliza wenyeji. Mjumbe wa Uingereza, Sir William Luce, alikwenda na kurudi kati ya Tehran na masheikh akitafuta mapatano ambayo yangemwezesha Mwingereza kuondoka bila kugombana na Shah.

Sheikh wa Sharjah, Khalid bin Muhammad, alikubali mapatano ya Abu Musa yaliyotangazwa tarehe 29 Novemba 1971. Kwa mapatano hayo hakuna upande ulioacha madai yake. Majeshi ya Iran yangekaa katika sehemu iliyotajwa, na Sharjah ingebaki na kituo chake cha polisi na mamlaka juu ya sehemu iliyosalia. Mapato ya mafuta yangegawanywa sawa kwa sawa, na Iran ingeilipa Sharjah paundi milioni 1.5 kila mwaka kwa muda uliowekwa. Sheikh wa Ras al-Khaimah, Saqr bin Muhammad, alikataa kutia sahihi. Jawabu alilopewa ni lile lililomfika Salem Suhail Khamis.

Uingereza haikuingilia kati. Tarehe 2 Desemba dola mpya ya Falme za Kiarabu ilizaliwa, na mgogoro huo ukawa urithi wake wa kwanza. Iraq ilivunja uhusiano wake na Iran na Uingereza. Libya ilitaifisha mali za kampuni ya mafuta ya BP iliyokuwa nchini humo. Baraza la Usalama lilikutana tarehe 9 Desemba. Mjumbe wa Somalia akashauri shauri liahirishwe ili wapatanishi wapate nafasi, na likaahirishwa. Januari 1972 Sheikh Khalid aliuawa katika jaribio la kuipindua serikali yake, lililoongozwa na mtawala wa zamani wa ukoo wake mwenyewe. Na Iraq ilipoivamia Iran Septemba 1980, kurudishwa kwa visiwa hivyo kulitajwa miongoni mwa madai yake.

Shah aliondoshwa mwaka 1979, lakini waliomfuata hawakuvirudisha visiwa. Mwaka 1992 ugomvi ulifufuka Abu Musa, Iran ilipowazuia watu waliotoka Sharjah kuingia kisiwani. Mwaka 2012 Rais Mahmoud Ahmadinejad alipokizuru kisiwa hicho, Falme za Kiarabu zilimwita balozi wake arudi nyumbani. Falme za Kiarabu zimetaka shauri liamuliwe katika Mahakama ya Kimataifa. Iran imekataa, ikisema visiwa ni vyake na kwamba hakuna la kuamuliwa juu ya umilikaji wake.

Kuna watakaosema kwamba majirani wa Ghuba hawawezi kupatana. Hilo si kweli. Bahrain na Qatar ziligombea visiwa vya Hawar, ambavyo ofisa wa Uingereza aliipa Bahrain mwaka 1939 bila kuiridhisha Qatar. Mwaka 1986 askari wa Qatar walitua kwenye mwamba wa Fasht al-Dibal na kuwakamata wafanyakazi waliokuwa wakijenga hapo. Nchi hizo mbili zilikuwa zimekaribia kupigana. Lakini mwaka 1991 shauri lilifikishwa Mahakamani, na tarehe 16 Machi 2001 hukumu ikatolewa. Bahrain ilipewa Hawar. Qatar ilipewa Zubarah na kisiwa cha Janan. Kila upande ulikosa kitu, na kila upande ukaitii hukumu. Hakuna askari aliyepoteza maisha yake kwa ajili ya Hawar baada ya siku hiyo.

Sisi katika Afrika tulirithi mipaka iliyochorwa na mikono hiyo hiyo. Viongozi wetu walipokutana Cairo Julai 1964 walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Hawakufanya hivyo kwa sababu mkoloni alichora kwa haki. Walijua kwamba kila nchi ikianza kudai kwa ramani za zamani, vijana watakufa na ramani zitabaki.

Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Uingereza ilikusanya faida ya ahadi yake kwa muda wa miaka mingi, na deni lilipofika siku ya kulipwa, lililipwa na polisi wa kituo kidogo asiyekuwa na sahihi katika mkataba wowote. Askari hulinda alichoamriwa kulinda, na hiyo ndiyo heshima yake. Basi ni wajibu wa wanaomwamuru wawe wamekwisha kuutazama mpaka wake, wameuzungumza na jirani, na kuuandika kwa maneno yasiyo na ndimi mbili. Nao wasimkabidhi ulinzi wa bendera yake mgeni ambaye siku moja atafunga mizigo na kwenda zake.