Baraza Moja la Kutunga Sheria na Jicho la Mwananchi

(Mazungumzo mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi)



Nchi nyingi zimeweka mabaraza mawili ya kutunga sheria ili moja lisahihishe makosa ya jingine. Sisi Zanzibar tunalo moja, Baraza la Wawakilishi, lililoanza kazi mwaka 1980. Basi ni haki yetu kuuliza: palipo na baraza moja, nani hulisahihisha? Kwa ajili ya kujifunza, nitaeleza mfano wa Nebraska, jimbo pekee kati ya majimbo 50 ya Marekani lenye baraza moja.

Hapo awali Nebraska ilikuwa na mabaraza mawili yenye jumla ya wajumbe 133. Yalipohitilafiana juu ya mswada, kamati ndogo ya usuluhishi ilikutana faraghani, na mwananchi hakuweza kujua nani aliyefuta kifungu na nani aliyekiongeza. Seneta George Norris alipita jimboni akiupinga utaratibu huo pamoja na gharama zake, na mwezi wa Novemba 1934 wapiga kura wakayakubali mageuzi. Baraza jipya lilikutana mwaka 1937 likiwa na wajumbe 43. Sasa wapo 49.

Kila mjumbe huchaguliwa na wilaya moja ya uchaguzi, yenye watu wapatao 40,000 kwa hesabu ya mwaka 2020, kwa kipindi cha miaka minne. Hawachaguliwi wote kwa pamoja. Wilaya zenye namba shufwa na zenye namba witiri hupokezana kila baada ya miaka miwili, hivyo wazoefu huwapo daima. Karatasi ya kura haitaji chama cha mgombea. Wawili wanaoongoza katika kura ya mchujo ndio wanaoshindana mwezi wa Novemba, hata wakiwa wa chama kimoja. Vyama vya wajumbe vinajulikana na watu, lakini Spika na wenyeviti wa kamati huchaguliwa na wajumbe wote kwa kura ya siri.

Ama kuhusu mswada, kanuni zinataka kila mswada unaopelekwa kwenye kamati usikilizwe hadharani, na tangazo litolewe siku saba kabla. Mkulima, mwalimu au mfanyabiashara yeyote anaweza kufika na kusema. Kisha mswada hujadiliwa na kupigiwa kura katika hatua tatu, na haupitishwi kabla ya siku tano za kazi za Baraza tangu ulipowasilishwa. Kura 25 huupitisha. Wachache wanaourefusha mjadala hunyamazishwa kwa kura 33, na Gavana akiukataa mswada, kura 30 hulishinda katazo lake.

Ndugu zangu, taratibu hizo zote zina shabaha moja, nayo ni kumpa mwananchi muda. Watu wa Nebraska husema kwamba wao wenyewe ndio baraza la pili. Juu ya mlango mkuu wa jengo la Baraza lao mjini Lincoln yamechongwa maneno yenye maana kwamba wokovu wa dola umo katika raia aliye macho.

Mazingira yetu si yale. Wawakilishi wetu wa majimbo husimamishwa na vyama na huchaguliwa wote kwa pamoja kila baada ya miaka mitano. Lakini haja ni ile ile. Mtumishi anayeliacha tangazo la mswada mezani mpaka siku zimekwisha, amelifumba jicho ambalo lingeliona kosa kabla halijawa sheria. Naye mwananchi anayelisoma tangazo na kulipuuza, asishangae sheria ikimfika bila ya neno lake ndani yake.

Kwa hiyo tangazo litolewe mapema, kwa lugha inayofahamika, na wananchi waliitikie.