Mwendo wa Wimbo Hushikwa na Waitikiaji



Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa za bara zilisafiri mabegani mwa watu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kila mmoja kiasi cha kilo 30, wakiifuata njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Richard Burton, aliyefika Kaze karibu na Tabora mwaka 1857, aliandika habari za kirangozi aliyetangulia na bendera, na ngoma iliyolia nyuma yake. Njiani watu waliimba: mmoja akianzisha, msafara ukiitikia.

Ni rahisi kudhani kwamba mwanzilishi ndiye aliyeushika mwendo. Yeye aliushika wimbo. Mwendo ulishikwa na miguu ya waliobeba. Mwenye mzigo begani haharakishi kiitikio, kwa maana pumzi yake imekwisha kupimwa na hatua zake.

Kwaya za leo hazina mzigo, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Waitikiaji huingia kabla mwanzilishi hajamaliza neno lake la mwisho. Naye, akiona amebanwa, huanza ubeti unaofuata kwa haraka zaidi. Kila ubeti huiba kidogo, na kufikia ubeti wa nne wimbo unakimbia. “Mfurahini, Haleluya” wa Bernard Kyamanywa umeteseka hivyo Pasaka nyingi! Wanaoumia ni wazee, ambao hunyamaza katikati ya wimbo wanaoujua kwa moyo.

Mwalimu wa kwaya na aanze na kiitikio, bila mwanzilishi. Wanakwaya watembee uani polepole, pigo moja kwa hatua moja, mpaka miguu ikubaliane. Ndipo mwanzilishi aongezwe. Waitikiaji wavute pumzi wakati neno lake la mwisho lingali likisikika, lakini wasifungue sauti mpaka hatua yao ifike.

Kinanda cha umeme chenye mdundo wa kujiendesha hakikimbii, ni kweli, ila hakisikilizi. Bibi akiishiwa pumzi, chenyewe kinaendelea. Ngoma ina mtu. Mtu huyo na aketi mahali anapoiona safu ya nyuma, na midomo ya wazee ikianza kufungwa, apunguze.