Mzee Akinunua Soda na Pesa ya Inua Jamii, Kosa Liko Wapi?

Haya ni mazungumzo niliyotoa kwa kikundi cha wazee na vijana pale Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira. Nimeyakata vipande vipande ili yasomeke kwa simu. Sheria ya uzi huu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunachambua hoja tu.

1/ 

Leo nataka tuongee kuhusu hoja inayorudi kila msimu wa kampeni. Mtu anashika maikrofoni anasema, "Hizi pesa za wazee zinaliwa ovyo. Mmoja nimemwona akinunua soda! Afadhali serikali iwape unga." Watu wanapiga makofi. Kesho yake mwingine anasimama na kusema, "Pesa ni yao, wanunue wanachotaka." Watu wale wale wanapiga makofi tena. Sasa tukae chini tujiulize: ni nani ana haki ya kumpangia mzee chakula?

2/ Kwanza tuelewane tunazungumzia nini.

Inua Jamii ni mpango wa serikali ya kitaifa. Una mafungu ya wazee, ya familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hatari, na ya watu wenye ulemavu mkubwa. Fungu la mayatima ndilo la kwanza, lilianza kwa majaribio mwaka 2004. Mwaka 2018 mlango wa wazee ukapanuliwa, ukalenga kila Mkenya wa miaka 70 na zaidi asiyepata pensheni. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mara nyingi zimekuwa zikilipwa kwa pamoja, 4,000 kwa miezi miwili.

Gawanya 2,000 kwa siku 30. Unapata shilingi 66 na senti kadhaa kwa siku. Hiyo ndiyo pesa tunayopigia kelele.

3/ Huku kwetu lori la chakula cha msaada si jambo la kila mwaka. Kisii na Nyamira hazimo kati ya kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame au nusu kame. Mvua tunayo. Migomba unaiona hadi kando ya barabara. Ndiyo maana mtu wa mbali husema, "Wakisii wana njaa gani?"

Njaa ya huku hujificha nyuma ya majani mabichi. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, wana wakagawia wajukuu, leo mtu ana kipande cha kutosha nyumba, choo na migomba michache. Mzee wa miaka 78 hana nguvu ya jembe, na vijana wako Nairobi. Chakula kiko sokoni, lakini yeye hana cha kukinunulia.

4/ Inua Jamii haina orodha ya vyakula. Hakuna mahali pameandikwa "nunua hiki, usinunue kile." Kwa hivyo ukitaka kujua msaada huu unanunua chakula gani, tembea sokoni wiki ambayo pesa imeingia. Mimi nimetembea, nikauliza wauzaji. Majibu mengine yalinishangaza.

Majani ya chai. Ndiyo, majani ya chai, katika nchi ya chai! Mwenye miti yake hupeleka majani mabichi kituoni, lori linayabeba hadi kiwandani, kisha yeye anaenda dukani kununua pakiti kama mtu wa Mombasa.

Wimbi. Ni ghali kuliko mahindi, lakini mzee aliyekula obokima ya wimbi tangu utotoni hawezi kuambiwa unga mweupe ndio chakula pekee.

Chinsaga. Mgeni atauliza, "Mkisii ananunua chinsaga?" Ananunua. Asiye na shamba wala nguvu ya kupalilia hununua fungu kwa mama mboga. Halafu hununua maziwa kidogo ya kupikia, kwa sababu chinsaga bila maziwa ni chungu.

Omena kutoka ziwani, chumvi, sukari, mkate wa wajukuu.

Na vifaranga. Na mbegu. Hapo ndipo nilisimama. Mtu anapewa pesa ya kula leo, anatoa kidogo kununua chakula cha miezi mitatu ijayo.

5/ Kuna vitu vingine ambavyo si chakula, lakini bila hivyo chakula hakiliwi. Mahindi lazima yasagwe, na mwenye mashine hasagi bure. Maharagwe yanataka kuni za saa nzima na zaidi. Gunia likiletwa kwa chifu, mzee wa miaka 80 halibebi kichwani. Anamlipa mtu wa boda boda. Kwa hivyo anayesema "wapeni unga tu" ajue kwamba unga nao unataka pesa ili ugeuke ugali.

Wenye umri wanakumbuka mahindi ya njano ya ukame wa 1984, yaliyoletwa kutoka nje. Yaliokoa watu, tusiyadharau. Lakini waulize waliokula. Watu wa nchi hii walizoea mahindi meupe, na wengi walikula yale ya njano shingo upande kwa sababu hawakuwa na la kuchagua.

6/ Sasa twende mbali kidogo, kwa sababu mjadala huu si wetu peke yetu.

Marekani wana mpango unaoitwa SNAP, unaosaidia mamilioni ya watu kwa kadi ya kununulia chakula. Wao wana sheria ya nini kinanunulika, na sheria hiyo ina vituko. Kamba wa bei ghali, unaruhusiwa. Keki ya siku ya kuzaliwa, unaruhusiwa. Mbegu na miche ya chakula, unaruhusiwa. Katika vijiji vya mbali vya Alaska, kadi hiyo inanunua hata nyavu na ndoana za kuvulia samaki. Lakini kuku aliyechomwa na bado ana moto? Hapana, chakula cha moto kwa kawaida hakiruhusiwi. Akipoa na kuuzwa akiwa baridi, sawa. Sabuni hapana, nepi za mtoto hapana, dawa hapana.

Na soda? Kwa miaka mingi iliruhusiwa, na kwa miaka mingi wanasiasa wao walibishana kuihusu. Mwaka 2025 majimbo kadhaa yalipewa ruhusa ya kuiondoa, kuanzia 2026. Kwa hivyo hata nchi tajiri, yenye orodha ndefu, bado inabishana kuhusu chupa ya soda. Orodha haikumaliza ubishi.

7/ Hapa Kenya pia tumewahi kujaribu pesa yenye masharti. Kambini Kakuma, mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula. Mkimbizi alipata salio kwenye simu, akanunua chakula kwa wenye maduka walioandikishwa tu. Ilikuwa afadhali kuliko kupanga foleni ya gunia peke yake, kwa sababu sasa mtu aliweza kuchagua nyama, mboga au maziwa. Lakini salio hilo halikununua kuni wala sabuni. Baadaye, katika makazi ya Kalobeyei yaliyo karibu, wakaanza kupewa pesa za kawaida.

Mtaona safari ilivyokwenda: kutoka gunia, hadi salio lenye masharti, hadi pesa mkononi.

8/ Lakini upande wa pili nao tuusikilize kwa haki. Wanaotaka unga badala ya pesa wana hoja tatu ambazo si za kupuuzwa.

Ya kwanza ni bei. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Shilingi 2,000 zikawa hazinunui hata pakiti 10. Gunia la unga halipungui uzito bei ikipanda. Pesa hupungua nguvu. Mwezi Julai mwaka huo, wiki chache kabla ya uchaguzi, ruzuku ilishusha pakiti hadi 100. Uchaguzi ulipopita, ruzuku nayo ikapita.

Ya pili ni jamaa. Asiyeweza kufika kuchukua pesa huchukuliwa na mlezi wake. Walezi wengi ni waaminifu. Lakini sote tunajua boma ambapo kijana anachukua 4,000 na mzee anaona 1,000.

Ya tatu ni pombe. Hapa watu hupaza sauti zaidi.

9/ Hebu tuzipime.

Kuhusu pombe: mwaka 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuhusu watu maskini wanaopewa pesa. Kwa jumla hawakupata kwamba pesa hizo ziliongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Pengine hata yalipungua. Haimaanishi hakuna mzee hata mmoja anayepitia kwa mama pima. Inamaanisha huwezi kumhukumu kila mzee kwa sababu ya mmoja huyo.

Kuhusu jamaa mwizi: gunia la unga nalo huibwa. Tena gunia hupitia mikono mingi zaidi kabla ya kufika: ghala, lori, ofisi, mzee wa kijiji. Dawa ya mwizi ni kumfuatilia, na kumpa mzee mahali pa kulalamika bila kuogopa. Kumbadilishia mzee chakula hakumzuii mwizi.

Kuhusu bei: hapo wana haki kabisa. Ila tazameni hoja yenyewe inaelekea wapi. Kama tatizo ni kwamba 2,000 hainunui kitu, basi tatizo ni 2,000. Kiwango hicho kimekaa pale pale kwa zaidi ya miaka kumi, na bei hazikukisubiri.

10/ Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Mjadala wa soda ni mtamu kwa mwanasiasa kwa sababu haumgharimu chochote. Akimsema mzee aliyenunua soda, haulizwi kwa nini pesa imewahi kuchelewa miezi. Haulizwi kwa nini kuna mtu amefika miaka 73 na bado hayumo kwenye orodha, ilhali jirani yake yumo. Haulizwi 2,000 itapanda lini. Sote tunageuka kuchungulia kikapu cha omong'ina, na yeye anaondoka na makofi yetu.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtu ambaye gari lake linakunywa mafuta ya maelfu kwa siku hana kipimo cha kupimia shilingi 66.

11/ Turudi kwa ile soda.

Wengi wenu mmelelewa katika boma za Wagusii. Mgeni akiingia, mnampa nini? Mzee anayetembelewa na binti yake aliyeolewa mbali, akiwa na wajukuu ambao hajawaona mwaka mzima, atawakalisha mdomo mkavu? Soda moja inayogawanywa kwenye vikombe vinne ndiyo inayomfanya yule mzee aendelee kuwa mwenye boma. Bila hiyo, yeye naye ni mgeni nyumbani kwake.

Sisemi soda ni lishe. Daktari akimwambia mzee mwenye kisukari aiache, aiache. Lakini huo ni ushauri wa daktari. Si sababu ya kumnyima mtu mzima uamuzi wake.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Pia inaitaka serikali iwape msaada wa kijamii wasioweza kujikimu. Kwa hivyo pesa hii si zawadi ya mtu. Aliyeitoa ni mlipa kodi, na huyo mzee mwenyewe hulipa kodi kila anaponunua sabuni.

12/ Kwa hivyo, kampeni zikija, msimwulize mgombea kama anapenda wazee. Atasema anawapenda. Mwulizeni haya manne:

Pesa italipwa tarehe gani, na ikichelewa nani atajibu?
2,000 itaongezwa lini, na itafuata bei ya vitu au itakaa miaka mingine kumi?
Aliyetimiza miaka 70 mwaka huu ataandikishwa wapi, na lini?
Mzee akiibiwa na mlezi wake, atamlalamikia nani hapa hapa karibu, si Nairobi?

Akijibu haya manne kwa tarehe na tarakimu, mpigieni makofi, awe wa upande wowote. Akianza tena hadithi ya soda, mwambieni kwa heshima arudi kwenye swali.

Nami nimemaliza. Mwenye swali aulize, na tuanze na wazee.