Kuomba Ruhusa Kabla ya Kuchimba Msingi

Mazungumzo yaliyotolewa na Kamati ya Ujenzi mbele ya waumini na majirani wa hekalu, Madibira, katika siku ya maadhimisho



Katika siku ya furaha kama hii yapo mengi matamu ya kusemwa, na wenzetu watayasema: historia ya hekalu, wema wa waliolianzisha, nyimbo na maombi. Sisi wa Kamati ya Ujenzi tumepewa jambo lisilo na utamu mwingi, lakini ndilo litakaloamua kama miaka ijayo tutakuwa na ukumbi au tutakuwa na ugomvi. Jambo hilo ni ruhusa ya kujenga.

Shauri lililo mbele yetu nyote mnalijua. Hekalu limekuwa dogo. Siku za Navaratri na Diwali wageni wetu kutoka Mbeya, Iringa na Mafinga huketi nje kwa kukosa nafasi, na prasadi hupikwa katika banda la mabati ambalo upepo wa kiangazi hulitikisa. Tunakusudia kujenga ukumbi, jiko, vyoo na ukuta wa kuzunguka kiwanja. Michango imeanza kuingia, na kila aliyechanga ana haki ya kuuliza: mbona hata tofali moja halijawekwa? Mazungumzo haya ndiyo jibu letu.

Tuanze na dini yetu yenyewe. Kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, desturi yetu hutuagiza kufanya bhumi puja. Tunamwomba radhi Bhumi, ardhi iliyo mama yetu, kwa kuwa tunataka kumchimba. Tunawaomba radhi hata viumbe wadogo watakaohamishwa na majembe yetu. Ni ibada nzuri, na maana yake ni kubwa kuliko ubani na maua. Inatufundisha kwamba hakuna anayejenga mahali patupu. Basi, ikiwa tunamwomba radhi mchwa, itakuwa haki gani kumruka binadamu ambaye mfereji wake unapita ubavuni mwa kiwanja chetu? Kibali cha ujenzi, tukikitazama kwa jicho hilo, ni sehemu ya pili ya bhumi puja: ile inayofanywa kwa karatasi, mbele ya watu.

Sasa tuseme juu ya ardhi tuliyoikanyaga. Kwa sheria za nchi yetu ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tunachomiliki sisi ni haki ya kuitumia. Sheria mbili za mwaka 1999, yaani Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zimeigawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya vijiji. Swali la kwanza la mtu anayetaka kujenga halihusu bei ya saruji. Anapaswa kuuliza: kiwanja changu kimo katika kundi lipi?

Katika ardhi ya kijiji msimamizi ni halmashauri ya kijiji. Lakini sheria imeiwekea halmashauri hiyo mpaka: haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo barua yenye muhuri wa kiongozi mmoja, aliyekaa na mwombaji chini ya mti, haitoshi. Lazima uwepo muhtasari wa mkutano. Aliyepewa ardhi kwa njia iliyo sawa anaweza kuomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila, na hati hiyo ina nguvu mbele ya baraza lolote. Aidha, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji: ndiyo yenye wajibu wa kusema wapi ni makazi, wapi ni mashamba, wapi ni malisho na wapi ni huduma za jamii.

Mahali palipokwisha kutangazwa kuwa eneo la mipango miji, njia hubadilika. Hapo hutawala Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, ambayo hairuhusu mtu kuendeleza ardhi bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Mwombaji hupeleka maombi kwa mkurugenzi wa halmashauri akiambatanisha michoro ya jengo, michoro ya mhandisi inayoonyesha msingi, nguzo na nondo, nakala ya hati ya kiwanja, na stakabadhi za malipo yanayotakiwa. Michoro hiyo hupita kwa maafisa mbalimbali. Afisa mipango miji hutazama kama jengo linalingana na matumizi ya kiwanja na kama limeacha nafasi ya kutosha kutoka mpakani. Afisa afya hutazama choo, shimo la maji machafu na madirisha. Mhandisi hutazama nguvu za jengo. Watu wa zimamoto hutazama milango ya kutokea na njia ya gari lao. Kila mmoja anauliza swali ambalo fundi wetu, hata awe hodari namna gani, hana sababu ya kujiuliza.

Ujenzi wa kukarabati nao una masharti yake. Wengi wetu hapa Madibira tunaishi kwa mpunga. Mtu ana nyumba ya kuishi. Mwaka huu anabomoa ukuta wa mbele aweke duka, mwaka ujao anaweka mashine ya kukoboa, mwaka wa tatu uwani pamekuwa ghala na malori yanageuzia mlangoni kwa jirani. Jengo ni lile lile, lakini matumizi yamebadilika, na kubadili matumizi ya ardhi kunahitaji idhini yake. Katika maeneo ya mipango miji maombi ya namna hiyo hutangazwa, ili mwenye pingamizi asikike kabla ya uamuzi. Hata hekalu halina msamaha: ukumbi wa ibada ukianza kukodishwa kwa sherehe za biashara kila mwisho wa juma, hilo ni jambo jingine kabisa, na jirani ana haki ya kuuliza.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mijini, na kwamba sisi tuko mbali, kati ya Rujewa na Mafinga, ambako watu wamejenga tangu enzi za mababu bila michoro. Tunawajibu kwa heshima kwamba ardhi yetu ina mambo yake. Udongo mweusi wa mbuga za Usangu hufura wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba iliyowekwa juu yake kwa msingi mfupi hupata nyufa kabla haijapakwa rangi. Maji yetu nayo yana mambo yake. Skimu ya umwagiliaji ya Madibira inategemea mto Ndembera, na maji hayo yakitoka hapa huendelea kuelekea Ihefu na Ruaha Mkuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Choo cha hekalu kikiwekwa mahali pabaya, wa kwanza kuumia ni anayechota maji upande wa chini.

Tena tusisahau tulichokiona katika nchi yetu. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa bado linajengwa liliporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na watu 36 wakapoteza maisha. Mtaa huo hauko mbali na Kisutu, penye mahekalu ambayo baadhi yenu mmesali humo. Ilielezwa wakati ule kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zile zilizoidhinishwa. Kibali kilikuwapo, lakini kilikuwa cha jengo jingine. Tunalitaja jambo hili kwa huzuni, kwa sababu linatukumbusha kwamba karatasi iliyofungiwa kabatini haishikilii dari. Kinachotulinda ni kujenga kile kile kilichochorwa, na kumwita mkaguzi aone msingi kabla haujafukiwa.

Upo mfano mwingine, wa mbali zaidi, unaotuhusu kama waumini. Mwaka 1973 mwanamuziki George Harrison aliwapa waumini wa Krishna nyumba kubwa karibu na kijiji cha Letchmore Heath, katika jimbo la Hertfordshire, kaskazini mwa London. Nyumba hiyo inaitwa Bhaktivedanta Manor. Waliokwenda kusali huko ni pamoja na familia nyingi zilizohama kutoka Afrika Mashariki. Siku ya Janmashtami watu walifika kwa maelfu, na magari yao yakapita katika njia nyembamba ya kijiji. Wanakijiji wakalalamika, halmashauri ya eneo lile ikachukua hatua za kuzuia ibada za hadhara, kesi na rufaa zikaendelea kwa miaka, na waumini wakaandamana mjini London. Mwaka 1996 serikali ya Uingereza ilitoa idhini. Ombi lililokubaliwa lilikuwa na barabara mpya ya kuingilia, isiyopita kijijini.

Tuutafakari mfano huo. Waumini walikuwa na haki ya kusali. Wanakijiji walikuwa na haki ya kulala na kupita njiani mwao. Haki hizo mbili ziligombana miaka mingi, na palipopatikana nafuu, ilipatikana kwenye mchoro: mstari mmoja wa barabara ulijibu swali la jirani. Sisi tunayo bahati ya kuliuliza swali hilo mapema, wakati mchoro bado unafutika kwa raba.

Kwa hiyo Kamati imewatembelea majirani wa pande zote nne za kiwanja, na imerudi na mambo matatu.

La kwanza ni njia. Ukuta tuliokusudia ungeifunga njia ya miguu ambayo watoto huipita kwenda shule na akina mama huipita kwenda mashineni. Njia hiyo haimo katika karatasi zetu, lakini imo katika miguu ya watu. Tumeamua kuurudisha ukuta ndani ya kiwanja chetu ili njia ibaki. Tutapoteza sehemu ya bustani. Hatutapoteza salamu za asubuhi.

La pili ni maji. Paa kubwa la ukumbi litamwaga maji mengi wakati wa masika. Katika mchoro wa kwanza yalielekezwa upande wa mashariki, kwenye nyumba ya matofali mabichi ya mama mmoja mjane. Mchoro mpya utakuwa na mabomba ya paa na tangi la kuyakusanya, na yatakayozidi yatapelekwa kwenye mtaro kwa makubaliano na wenye mtaro.

La tatu ni sauti na magari. Tumekubaliana kwamba vipaza sauti vitakuwa ndani ya ukumbi, na kwamba siku za sikukuu magari ya wageni yataegeshwa mahali tutakapopatenga, si mbele ya malango ya watu.

Mambo hayo matatu yameandikwa na yataambatanishwa na maombi yetu. Tutayapeleka kwanza kwa halmashauri ya kijiji ili yajadiliwe katika mkutano mkuu, kisha michoro iende Rujewa kwa wataalamu wa Halmashauri ya Wilaya ya Mbarali. Hatutaanza kuchimba kabla ya majibu.

Tungependa pia kuwakumbusha juu ya karatasi zenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mahali pa ibada hapafai kuandikwa kwa jina la mtu mmoja, hata awe mwema kiasi gani, kwa kuwa mtu hufa na warithi hawafanani. Sheria inaziruhusu taasisi za dini kusajili bodi ya wadhamini kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ili mali ishikwe na bodi hiyo kizazi hata kizazi. Hati, mihtasari, stakabadhi na michoro ya hekalu vitahifadhiwa kwa nakala mbili, sehemu mbili tofauti.

Na ikitokea kwamba hatuelewani? Pia ipo njia. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na si chini ya watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Ni heri kukaa mbele ya wazee hao kwa saa moja kuliko kukaa miaka kumi bila kusalimiana. Lakini heri zaidi ni kutofika huko, kwa sababu usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta unaojengwa kati ya majirani hauna mhandisi wa kuubomoa.

Ndugu zetu, tunajua kungoja kunachosha. Bei ya saruji na nondo haitungoji, na wazee waliochanga wangependa kuuona ukumbi kwa macho yao. Tunawaomba subira. Mchoro umewekwa mezani, karibu na mlango wa hekalu, na utakaa hapo hadi siku ya mkutano mkuu wa kijiji. Kila mtu, awe muumini au jirani, auangalie na aseme lake. Asiyesoma ataelezwa, na neno lake litaandikwa kama la mwingine yeyote. Siku tutakapofanya bhumi puja, tungependa majirani wote wawe wamesimama pamoja nasi, wakijua kinachojengwa, kitafika wapi na kitaishia wapi.