Matone ya Steroidi kwa Macho Makavu: Dawa ya Siku Chache
Mazungumzo ya afya kwa familia za Manah



Wakati wa kiangazi joto la Manah hupita nyuzi 40, upepo hubeba vumbi, na ndani ya nyumba kiyoyozi hufanya kazi usiku kucha. Katika hali hiyo machozi hukauka upesi. Macho huwasha na kuchoma kana kwamba yameingia mchanga. Ukavu ukidumu, uso wa jicho huvimba, nao uvimbe huo huzidi kuyaharibu machozi. Kwa sababu hiyo watafiti wameyapima matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yalikusanya majaribio 22 yenye washiriki zaidi ya 4,000. Ilionekana kwamba steroidi huleta nafuu kuliko machozi ya bandia, ila nafuu hiyo ni ndogo au ya wastani. Mnamo Oktoba 2020, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha matone ya loteprednoli ya asilimia 0.25 kwa ukavu wa macho: mara nne kwa siku, kwa muda usiozidi wiki mbili.

Muda huo umewekewa mpaka kwa sababu steroidi huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho. Presha hiyo kwa kawaida haiumi. Mgonjwa huona wekundu umekwisha, kumbe mshipa wa fahamu wa jicho unaharibika polepole. Hiyo ndiyo glakoma, na uoni uliopotea kwayo haurudi. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye asili ya Kiafrika, na mwenye mzazi au ndugu aliyeugua yumo hatarini zaidi. Matumizi ya muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho. Tena, jicho likiwa na kidonda cha virusi au cha kuvu, steroidi hukizidisha.

Kwa hiyo chupa iliyobaki haifai kupewa mtoto wala jirani, wala kuagizwa kwa msafiri atokaye Unguja au Mombasa kwa kuwa ilimfaa mtu mwaka jana. Majina ya kuangaliwa ni deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni na loteprednoli. Mara nyingine huchanganywa na dawa ya kuua bakteria katika chupa moja.

Mambo ya kuanza nayo ni haya:
- Machozi ya bandia, kwa ushauri wa mfamasia.
- Kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya kope zilizofumbwa.
- Kiyoyozi kisielekezwe usoni.
- Miwani ya jua kwa wafanyao kazi nje.

Daktari akiandika steroidi, mgonjwa aulize mambo matatu: itumiwe siku ngapi, presha ya macho itapimwa lini, na lini arudi. Amweleze pia kama katika ukoo wake yumo mwenye glakoma. Jicho likiuma sana, likishindwa kuvumilia mwanga, au uoni ukififia, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenyezi Mungu awahifadhie nuru ya macho yenu.