Sikazwe na Nakazwe: Kiapo cha Majina

Katika baadhi ya koo zetu kijana huitwa Sikazwe, dada yake Nakazwe. Sisi twajua ni ukoo mmoja. Lakini mwalimu akimwandika binti Sikazwe, na kitambulisho cha Taifa kikasema Nakazwe, siku ya mirathi ya baba huulizwa: huyu ni nani?

Binti huyo hana haja ya kubadili jina. Na aape mbele ya hakimu au wakili kwamba majina yote mawili ni yake. Anayeliacha jina lake kabisa ndiye huandikiwa na wakili hati ya kubadili jina, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Wazazi wangali hai, nao waape. Njooni na vyeti vyote, hata kilichotafunwa na mchwa.